Mama Jeruto, Mlinzi wa Ndege

Siku nilipomwona Mama Jeruto mara ya kwanza, alikuwa amesimama kando ya ndege ndogo ya kunyunyizia ngano dawa, akichungulia ndani kama mtu anayemtazama mgonjwa. Ukungu ulikuwa bado shambani, kule nyuma ya Cheptiret. Nilikuwa nimetoka Langas kuja kufukuza kondoo kwenye uwanja wa ndege hiyo. Nikachungulia pia. Kiti kilikuwa kitupu, lakini fimbo ya usukani ililala kushoto, ikarudi, ikalala kulia, polepole, kana kwamba mtu asiyeonekana alikuwa akijifunza.

Nilirudi nyuma hadi nikakanyaga ndoo.

"Karibu kazini, Mungai," alisema akicheka. "Huo ni upepo tu. Nimetoa kabari."

Kazi yake ilikuwa hiyo: jioni kubana kwa kabari za mbao vile vibao vya nyuma ya mabawa visipigwe na upepo, na asubuhi kuzitoa. Hakunizidi masomo, ila alikuwa ameuliza maswali miaka kumi na minne. Siku moja alinishikisha bati la paa, akaniambia niinue ukingo wa mbele kidogo. Upepo ulinivuta mikono juu, nusura niliachie.

"Bawa ndilo hilo. Linasukuma hewa chini, nayo hewa inalibeba. Ndiyo maana ndege lazima ikimbie kwanza."

Rubani akilaza fimbo kushoto, alinieleza, nyaya huinua kibao cha bawa la kushoto na kushusha cha kulia, na ndege hulalia kushoto. Ikiwa imeegeshwa, upepo hushika vibao na kuisogeza fimbo.

Kila asubuhi alisimama akiitazama fimbo hiyo. Wafanyakazi wengine walipita mbali. Walisema kuna mtu mle ndani, na Mama Jeruto anamjua.

Mwezi wa tano fundi aitwaye Wahome alikuja kubadilisha nyaya pale shambani. Kesho yake upepo uliinua kibao cha kushoto, na fimbo ikalala kulia. Nywele zilinisimama. Siku zote yule asiyeonekana alikuwa ameendesha sawa. Leo alikuwa anaendesha kinyume.

"Umeona?" Mama Jeruto aliuliza. Nikaitikia kwa kichwa.

Rubani Antony alifika, akawasha injini. Mama Jeruto akasimama mbele ya propela. "Zima! Nyaya zimepishana!"

"Mama, wewe ni wa kabari," Wahome alisema. "Ama ni yule jini wako amekuambia?"

Watu wakacheka. Antony akanigeukia. "Mungai, na wewe umeona?"

Macho yote yalikuwa kwangu. Nikatazama chini, nikanyamaza.

"Toka hapo, Mama!"

Hakutoka. Propela ikanyakua kitambaa chake cha kichwa, kikawa vipande. Antony akazima kwa hasira, akashuka ili amsukume. Mama Jeruto alimshika mkono, akampeleka kwenye bawa la kushoto, akainua kibao. Ndani, fimbo ikalala kulia. Antony akaketi kwenye nyasi.

Nyaya zilirekebishwa. Lakini wengine walishasema ni Mama Jeruto aliyeiroga ndege, na meneja hakutaka mtu wa kusimama mbele ya propela. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameachishwa kazi.

Nilimbebea begi hadi barabarani. Nilitaka kumwomba msamaha; nikamkabidhi begi tu. Alipanda bodaboda, akaniangalia.

"Kesho Antony atakuja saa moja," alisema. "Akikuuliza kitu, Mungai, mjibu. Ana watoto wawili."