Ndugu Yangu na Benki Nne

Ndugu yangu alianza kuibia benki mwaka aliofutwa kazi kwenye shamba la maua. Alikuwa amenyunyizia waridi dawa hadi kifua kikaharibika, kisha akaambiwa arudishe viatu vya gambuti aende nyumbani. Ya kwanza ilikuwa tawi dogo la huku Ndabibi, ya pili upande wa Nakuru. Mimi sikujua. Nilidhani amepata kibarua cha lori.

Ya tatu ilikuwa benki niliyofanyia kazi ya keshia dirishani.

Waliingia wawili saa nne asubuhi, wamevaa helmeti za bodaboda. "Laleni chini!" akasema mwenye bastola. Halafu akamwona mama mzee akihangaika na magoti. "Mathe, wewe kaa tu kwa kiti." Akakohoa. Kikohozi kile nilikisikia kila asubuhi tulipokuwa tukikaa kwa mama. Nilimjazia mfuko pesa. Hakunitazama hata mara moja.

Baadaye polisi waliniuliza kama nimemtambua yeyote.

"Hapana, afande."

Mwezi haukuisha wakavamia benki ya nne. Mlinzi alipigwa risasi akafa.

Mvua ilipozidi, ziwa likafurika, likaingia nyumba ya mama kule Kihoto, karibu na ufuko. Nilipofika maji yalikuwa kiunoni, na ndugu yangu alikuwa anatoka mlangoni amembeba mama mgongoni. Nilitaka kumwambia akimbie, lakini polisi watatu walikuwa wamesimama pale maji yalipoishia. Mwenzake wa wizi alikuwa ameshikwa jana yake, akamtaja.

"Weka huyo mama chini!"

"Afande, acha nimfikishe pakavu kwanza."

Wakamwacha. Alimketisha mama kwenye godoro la jirani, akamfunika miguu na leso, kisha akanyoosha mikono.

"Mnampeleka wapi?" mama akauliza. "Hajanywa hata chai."

Korti ya Nakuru ilimfunga maisha. Benki ilipojua ni ndugu yangu, ilinifuta. Hawakuamini kwamba sikumtambua, na hawakukosea.

Nilienda kumwona gerezani mara moja tu. Akaniuliza, "Siku ile ulijua ni mimi?"

"Nilijua."

Akakohoa. "Ungesema, dada. Yule mlinzi angekuwa hai."

Nilishika ule wavu uliotutenganisha hadi askari akasema muda umeisha.

Mjane wa mlinzi anauza viazi sokoni. Watu wamenionyesha. Nikimwona mbele, napitia njia ya nyuma.