Mwalimu Aliyewazuia Wasiwe Walimu

Katika shule moja ya sekondari ya Ngagara, mtaa wa mjini, kazi ya kuwashauri wanafunzi wa darasa la kumi ilikuwa ya Jovithe, mwalimu wa hesabu. Mwisho wa darasa hilo kila mwanafunzi hutaja fani anayoitaka, kisha tume ya serikali humpangia fani na shule. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Jovithe aliusifu ualimu. Vita vilipoanza, walimu wapya waliendelea kutumwa milimani, kwenye mapigano, na baadhi yao, vijana aliowafundisha mwenyewe, waliuawa huko huko. Tangu hapo ushauri wake ukawa mmoja: chochote, ila ualimu.

Mwaka wa vikwazo vya nchi jirani, petroli ilipokuwa ikiuzwa kwa chupa, zamu ilimfikia Lisette, binti wa Consolate, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, wa mtaa wa Buyenzi aliyekimbia kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Jioni Lisette aliwakusanya watoto wa jirani uani na kuwafundisha kusoma, akiandika kwa mkaa ukutani. Mama yake aliulalamikia ukuta huo kila siku, ila hakuwahi kuufuta.

"Mwalimu, mi nataka kufundisha," Lisette alisema mbele ya wenzake.

"Apana. Chukua uchumi. Utafanya kazi mu biro hapa mujini, na kiti cha kuzunguka."

"Kizunguke kinipeleke wapi?"

Darasa likacheka.

"Na weye si uko mwalimu? Mbona uko muzima?"

"Mi niko Ngagara. Weye watakutuma kule juu."

Jovithe akaenda Buyenzi kwa mama yake Lisette. Consolate, ambaye alikwisha kuzika ndugu zake, hakubishana.

"Ni mutoto wako pia, mwalimu. Ukisema uchumi utamuponya, basi asome uchumi."

Lisette alinuna siku kadhaa, kisha akakubali.

Jovithe alikuwa amepima fani ingempeleka Lisette wapi baada ya masomo. Hakupima angeisomea wapi. Shule ya ualimu ilikuwa mjini. Angeifikia kwa miguu. Nafasi za uchumi za mjini zilikuwa zimejaa, na tume ikampangia Lisette shule ya bweni mkoani, juu ya ile barabara ya milimani ambayo mwalimu wake hakutaka aipite. Jovithe alikwenda wizarani kuomba abadilishiwe. Walimjibu kwamba tume ikishapanga, imepanga.

"Abaki nyumbani mwaka huu," alimwambia Consolate.

"Abaki anuke ndagala kama mi? Mulisema uchumi. Anaenda kusoma uchumi."

Muhula wa kwanza ulipita salama. Baada ya likizo ya Noeli Lisette alipanda basi kurudi shuleni, katika msafara uliosindikizwa na askari. Msafara ulishambuliwa njiani. Waliomrudisha mjini walimrudisha amefunikwa.

Kwenye matanga Jovithe alisimama mlangoni, hakujua aingie au arudi. Consolate alimwona kutoka kwenye mkeka.

"Ingia, mwalimu. Umekula?"

Akaketi. Akaletewa ugali, hakuugusa. Wanawake waliokuwa wakiimba wakanyamaza, na Consolate akamuuliza bila kupandisha sauti:

"Kama ungemuacha afundishe, leo angekuwa hapa?"

"Ndiyo, mama Lisette. Angekuwa hapa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wamutume."

Consolate alitikisa kichwa. "Hiyo myaka ningeichukua," alisema. "Hata mumoja."

Mwisho wa mwaka huo darasa la kumi lilisubiri ushauri wake. Jovithe aliwasomea fani zote, ualimu ukiwemo, na kila fani akaitajia miji yenye shule zake na barabara za kuifikia. Msichana mmoja, Benite, akainua mkono.

"Sasa weye unatuambia tuchukue nini?"

Jovithe aliikunja orodha ya fani bila kuchagua hata moja, akachukua chaki.

"Fungueni hesabu," alisema.