Jumamosi Thelathini na Moja za Mumbua

Mumbua Ndeti alifutwa kwenye mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi cha kijiji chake, wakati akisomea shahada ya uzamili kuhusu watu wanaoachwa nje ya vikundi. Hakujua. Aliambiwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alikwenda kumhoji.

Saa moja asubuhi, Jumamosi, kijijini Ndithini. Mumbua, mwenye miaka 44, amesimama ndani ya mtaro unaomfika magotini. Anachimba matuta ya fanya juu: udongo unautupa upande wa mlima, mvua ikishuka inakwama hapo. Shamba si lake. Ni la jirani yake Kavutha, anayechimba hatua tatu kutoka kwake bila kumhurumia.

"Profesa, jembe halishikwi kama kalamu!" Kavutha anamchokoza.

"Nyamaza, Mama Jeff," Mumbua anamjibu. " Wewe Mungu alikupa mdomo, mikono akasahau."

Mtaro mzima unacheka.

Jumatatu hadi Ijumaa, Mumbua hushona suruali katika kiwanda kimoja Athi River kwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Miaka mitatu iliyopita alijiunga na chuo kikuu mjini Machakos kusomea sera za jamii. Alitaka kuandika juu ya kitu kilichomlea: mwethya, wanawake wa kijiji wanaolimiana kwa zamu.

"Nikiwa mdogo nilikuwa naamshwa na filimbi ya Mwaitu Mbula," anakumbuka; mwaitu ni mama kwa Kikamba. "Mama ananipa kitete, kibuyu cha uji, nibebe. Wanawake arobaini wanainua majembe pamoja, wanashusha pamoja, na wimbo juu. Mchana ni muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, sufuria moja. Hakuna mtu aliuliza nani maskini. Ukiwa na mikono, uko na watu."

Siku hizi wamebaki kumi na saba. Filimbi ni ile ile.

Shida ni kwamba mwethya ni Jumamosi, na darasa lilikuwa Jumamosi. Mumbua akapata njia aliyoiona ya haki: alituma kibarua na jembe, akamlipa shilingi mia nne kwa siku. Kibarua alichimba vizuri. Wanawake walimpa chakula, wakamshukuru, na kimoyomoyo wakahesabu kwamba Mumbua hakuja.

Mvua ya Novemba mwaka jana ilibomoa matuta manne ya mama yake, Wayua, mwenye miaka 71. Filimbi haikulia. Mama alingoja Jumamosi mbili, kisha akachukua jembe peke yake. Siku ya tatu ukingo ulimeguka, akaanguka, nyonga ikavunjika. Wanawake wale wale walimbeba kwa kitanda hadi barabarani. Kubeba mgonjwa ni jambo lingine. Mwethya ni mwethya.

Mumbua bado hakuelewa. Januari alikwenda kwa mwenyekiti, Mbula, na karatasi zake za utafiti. Swali la saba liliuliza: katika kikundi chenu, ni nani ameachwa nje?

"Andika Mumbua wa Wayua," Mbula akasema.

"Mwaitu, lakini mimi nilikuwa natuma mtu!"

"Ulituma mikono ya kununua. Sisi tulikuwa tunataka wewe. Huyo kijana hata hajui tunacheka nini."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa wapi ndio tukuambie?"

 Mumbua alikunja karatasi, akaomba maji ya kunywa.

Njia ya kurudi ipo, na ni ya zamani kuliko Mbula mwenyewe. Unachimba katika mashamba ya wenzako siku moja kwa kila siku uliyokosa, kwa mikono yako. Ukimaliza, filimbi italia kwako. Mumbua alikuwa amekosa Jumamosi thelathini na moja. Mwalimu wake chuoni alimshauri amalizie mahojiano kwa simu, asipoteze muda. Alikataa, akasimamisha masomo mwaka mzima.

Leo ni Jumamosi ya ishirini na mbili. Jioni anafika nyumbani, viganja vimechubuka. Mama yake ameketi mlangoni na mkongojo, anatazama pale matuta yalipokuwa.

"Imebaki ngapi?"

"Tisa, Mwaitu."

"Mvua haitangoja tisa."

"Mimi nitangoja."

Anapanga kurudi chuoni Januari. Sura ya kwanza ataiandika upya, na mtu wa kwanza kutajwa humo atakuwa yeye mwenyewe. Lakini kabla ya hapo anataka kitu kimoja: mama yake aisikie filimbi ikilia katika shamba lake, akiwa bado anaweza kutoka mlangoni kuwatazama.

Hesabu yake anaijua kwa kichwa. Jumamosi thelathini na moja. Mwaka mmoja wa masomo. Matuta manne. Nyonga moja ya mama.