Ukoo wa Spinster

Mimi ni Mkongomani ninayeishi ugenini, mtaa wa Albert Park, natengeneza simu, na Kiingereza changu nilikiokota dukani. Kiburi ndicho kiliniponza.

Mama Dorothy, mteja wangu mzungu wa mtaa wa Westville, alinipa picha za vitabu vya zamani vya kanisa huko Uingereza, pamoja na wosia za mababu zake, nimchoree mti wa ukoo kwa kompyuta. Nikasoma ndoa: Ann Parker, Spinster. Jane Wood, Spinster. Karibu kila bibi arusi! Nikajiambia, eish, kumbe wazungu nao wanarudi kuoa ukoo uleule, kama kwetu! Nikawaandika wote Spinster, kwa herufi kubwa nyekundu.

Jumapili, ndugu za Mama Dorothy wakiwa wamejaa sebuleni kwake, nikautundika mti huo ukutani na kutoa hotuba.

“Madame, ukoo wa Spinster umewazalia ninyi watu wengi sana! Yupo hata mmoja aliye hai, tumshukuru?”

Dada yake Mama Dorothy, bibi wa miaka themanini, akainua mkono polepole.

“Mimi, mwanangu,” akasema. “Spinster ni mwanamke ambaye hajaolewa; ndivyo walivyoandikwa kabla ya ndoa. Na sijazaa hata mmoja.”