Nyota Niliyoipunguzia Bei

Shughuli nzima ilinigharimu mbuzi mmoja jike. Nikihesabu mara ya pili, napata watatu.

Miaka ile mitumba iliporuhusiwa, nilikuwa nashusha mabelo kutoka Mbinga mjini hadi gulio la Lundo, ziwani. Siku moja, katikati ya belo la makoti mazito, nikakuta darubini ya miguu mitatu, kioo hakina hata mkwaruzo. Watu wa ziwani hawana haja ya koti zito, lakini jicho kila mtu analo. Mwalimu mmoja mstaafu akaigeuzageuza, akauliza bei.

“Mbuzi wawili, Mwalimu.”

“Asubuhi umekunywa nini wewe?”

“Chai. Mbuzi wawili.”

Akakubali, akasema atawaleta kesho. Alikubali upesi mno, nikaanza kuitilia mashaka mali yangu mwenyewe.

Siuzi kitu nisichokijaribu. Giza lilipoingia nikaielekeza kusini, kwenye zile nyota mbili kali zinazouelekea Msalaba wa Kusini, nikachagua iliyo kali zaidi. Nikachungulia: nyota mbili zimebanana. Nikafuta kioo kwa pindo la shati, nikatazama tena. Mbili. Nikajua kioo kinaona kama mlevi.

Mchuuzi mwingine angenyamaza. Mimi nilikuwa narudi Lundo kila wiki, na mteja uliyemficha kasoro hukusubiri pamoja na shemeji zake.

Kesho yake akaja na mbuzi wake wawili. “Shikamoo, Mwalimu. Mali ina kasoro. Kitu kimoja inakionyesha viwili.”

Akachungulia mtumbwi uliokuwa mbali majini.

“Kasoro hiyo unaipunguzia kiasi gani?”

“Mbuzi mmoja.”

“Haya.” Akanikabidhi beberu, akarudi nyumbani na jike mweusi niliyekwisha kumkagua meno.

Wiki iliyofuata akanialika kwake jioni. Akanitazamisha nyota moja: moja. Nyingine: moja. Kisha ile yangu: mbili.

“Hizo ni mbili kweli, mwanangu. Kwa macho tu utaapa ni moja. Zinazungukana, mzunguko mmoja miaka kama themanini. Wala hakuna inayomtumikia mwenzake. Zote zinazunguka mahali patupu kati yao. Ile kubwa ni ya njano kama jua letu, ndogo imeelekea rangi ya chungwa. Mwanga unaouona uliondoka kule zaidi ya miaka minne iliyopita.”

Miaka minne iliyopita shati jipya lilikuwa la foleni, na mitumba tuliiuza kwa kuficha.

“Mwalimu, ulijua nilipokupunguzia?”

“Nilitazama mtumbwi mmoja, nikaona mtumbwi mmoja. Aliyetaja kasoro ni nani?”

Kosa langu nalijua. Nilihesabu mara mbili, ila nyota ile ile.

“Ipo na ya tatu,” akaongeza, “hafifu, imekaa kando. Darubini hii haiioni.”

Nikashukuru. Ningeiona, ningempa na beberu.

Nikauliza majina. Akasema Waarabu wa kale waliiita Mguu, na wataalamu wa sasa huziita A na B.

“Kama mikondo ya darasa la tano? Mwalimu, hao ni mapacha! Kubwa ni Kurwa, ndogo ni Doto.”

“Kurwa ni anayetangulia kuzaliwa, si mwenye mwili. Hizi zilizaliwa pamoja.”

“Mkunga alikuwa nani, mpaka wewe ujue?”

Akacheka hadi akakohoa. Toka siku hiyo hata wavuvi wakaziita Kurwa na Doto, na hakuna aliyenilipa kwa jina hilo.

Sasa wale watatu. Jike mweusi alikuwa na mimba. Meno nilimtazama, tumbo sikulitazama. Akazaa mapacha. Mwalimu akanipeleka bandani kifua mbele, akanionyesha Kurwa, kadogo kuliko mwenzake lakini ndiye aliyetangulia, na Doto, aliyenona.

Nikawahesabu. Nikawahesabu tena.

“Mwalimu,” nikasema, “kasoro haikuwepo, na punguzo lilikuwa la kasoro. Mama baki naye, Kurwa baki naye. Nirudishie Doto tu.”