Mtani Aliyemchukia Bibi

Juzi mwanangu alisukuma bakuli la mlenda akisema, "Nauchukia." Nikanusa tena moshi wa kuni wa msiba wa bibi yangu, kule Kwihara.

Wanawake walikuwa wakisonga ugali uani, akaingia jirani yetu, mzee wa Kizaramo, amejifunga kanga ya bibi kiunoni. "Bibi huyu nilimchukia!" alipaza sauti. "Mchoyo, hata mlenda alinipimia kwa kijiko. Mzikeni haraka asije akafufuka!"

Watu wakacheka, hata mama, machozi yakimtiririka. Nikadhani wote wameingiwa na wazimu. Nikachota kata ya maji mtungini, nikammwagia mzee usoni.

"Huyo ni mtani wetu! Muombe radhi," mama alinikemea.

"Siombi!"

Mzee akajifuta polepole. "Kumbe bibi hajafa," alisema.

Sasa najua sisi Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara, na kwamba mtani hutukana msibani ili wafiwa wapate kupumua. Najua pia kwamba jioni ile mzee alibaki kaburini peke yake, akilia. Nampenda kwa hilo. Lakini radhi sikuomba, na leo akifufuka akasema tena anamchukia bibi yangu, atalowa.