Macho ya Kuazima

Shangazi yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mwoga na hakuona haya kulisema. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa lifti, na katika miaka yake ya mwisho aliogopa kuliko vyote kengele ndogo ya simu iliyomwambia kwamba mteja ameandika. Ukimcheka alikujibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nicheke tu, mwanangu, almuradi nipo."

Alikuwa mpiga picha. Zamani alikuwa na studio yenye pazia la bluu, taa mbili na kigoda, na watu walimjia wamechana nywele na kubana pumzi. Simu zenye kamera zilipoingia mifukoni mwa kila mtu, wateja wakakatika kama maji ya bomba. Akauza taa, pazia akaligeuza shuka. Mshonaji mmoja tuliyemwita Mama Vifungo akampa kona ya dirishani katika chumba chake cha kazi. Hapo Shangazi akaweka kompyuta na kujiandikisha kwenye soko la kazi la mtandaoni, kule ambako mtu wa mbali anakupa kazi bila kukuona na kukulipa bila kukushika mkono.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza picha za watu. Alifuta madoa, aliunga zilizochanika, na zaidi ya yote alifumbua macho, maana watu ishirini wakisimama kupigwa picha ya harusi, hakosekani mmoja wa kufumba. Jicho, alivyokuwa akitueleza, halichorwi. Ukilichora linakuwa la sanamu. Jicho huazimwa. Unalitafuta kwenye picha nyingine, lenye mwanga wa upande uleule na uso ulioinama vilevile, unalihamisha, kisha unalishonea kope polepole. Katika kompyuta yake alikuwa na folda nzima ya macho ya watu.

"Mimi naazima uzi, mwenzangu anaazima macho," Mama Vifungo alikuwa akimtania, pini mdomoni. "Siku ya kuyarudisha, wenyewe watajikuta makengeza."

Lakini Shangazi hakuwa na raha na soko lile. Mteja akimaliza anakupa nyota, na nyota zikipungua jina lako linazama chini wasikoangalia watu. Na ukikubali kazi kisha ukaighairi, unaandikiwa onyo. Yeye onyo moja alishaandikiwa, kwa kazi aliyoikatiza alipolazwa na homa. Onyo la pili ni kufungiwa. Soko lile ndilo lililokuwa jembe lake, na mtu mwenye jembe moja hulishika kwa mikono miwili.

Asubuhi moja kengele ikalia. Alikuwa mteja mgeni, kijana wa kiume, na aliandika kwa Kiswahili, jambo lisilo la kawaida kule.

"Dada, huyu ni dada yangu, yuko hospitali ya mbali. Nilipobofya alikuwa amefumba macho. Naomba umfumbue. Mama yetu ni mgonjwa wa moyo, yuko kitandani, anataka kumwona mwanawe."

Picha ilikuwa ya mwanamke wa makamo juu ya mto mweupe, kitambaa kimemzunguka kichwa na kupita chini ya kidevu, uso umetulia. Shangazi akaona mgonjwa aliyelala, basi. Akapekua folda yake, hakuna macho yaliyokubali. Mwanga wa picha ile ulitoka dirisha la kushoto kama lake, na umri wa yule mwanamke ulikaribiana na wake. Akaegemeza kichwa ukutani, akampa Mama Vifungo simu ampige picha, akaazima macho yake mwenyewe.

"Umejikopa mwenyewe," Mama Vifungo akasema. "Haya, riba utamlipa nani?"

Wakacheka. Kazi ikaenda, mteja akashukuru, akampa nyota zote. "Mama ameiona," akaandika. "Leo amekubali uji, dada. Mungu akuzidishie." Shangazi alifurahi hata akamsomea Mama Vifungo ujumbe ule mara mbili.

Baada ya siku kadhaa kijana yule akarudi. Safari hii alitaka dada yake akalishwe kitini karibu na dirisha, avalishwe gauni, ili mama aone kwamba mwanawe ameanza kuketi. Shangazi akaikubali kazi kwa moyo mweupe. Ili apate shingo ya kuunganisha na gauni, akaikuza ile picha ya kwanza, akaikuza tena, mpaka kidevu kikajaa kioo chote.

Hapo ndipo alipokiona kile kitambaa vizuri. Hakikuwa kilemba wala kitambaa cha kufunga jeraha. Kilikuwa kimebana taya, kimefungwa utosini kwa fundo moja, kama wanavyofungwa wale ambao midomo yao haitafumba yenyewe. Akaisogeza picha juu kidogo. Ndani ya tundu moja la pua kulikuwa na pamba.

Kipanya kikamtoka mkononi. Ilikuwa mchana mweupe, mtaani watoto wanapiga kelele, cherehani inanguruma, na Shangazi aliyekaa humo ndani akahisi baridi ikimpanda kutoka vidoleni mwa miguu.

"Una nini?" Mama Vifungo akauliza. "Umeona nyota zimepungua?"

"Nimemfumbua macho maiti."

Cherehani ikanyamaza. Mama Vifungo akaja, akatazama, akarudi nyuma hatua moja na kutema pini kiganjani. "Mungu wangu! Na macho uliyompa ni ya kwako."

Hilo Shangazi alikuwa hajalifikiria. Akainuka, akakaa, akainuka tena. Akasali kwa sauti ndogo, sala fupi ya mtu asiyejua aombe nini kwanza. Kisha akaandika: "Kaka, naomba uniambie kweli. Huyu dada yuko hai?"

Jibu lilichelewa, na kila kengele iliyolia, hata ya mpita njia, ilimrusha kitini.

"Hayuko, dada," hatimaye akaandika. "Tumemzika kule kule, mimi ndiye niliyekwenda. Niliporudi, mama aliniuliza kabla sijavua viatu, nikashindwa. Nikasema anaendelea vizuri. Daktari ametuambia moyo wake haustahimili mshtuko. Mafundi wa picha wa hapa wote wanamjua mama, ndiyo maana nikakutafuta wewe wa mbali. Usiniache njiani. Picha isipokuja atajua, na akijua atakufa. Nisaidie hii moja tu."

Shangazi alituambia kwamba alikisoma kile kipande cha "atakufa" hata herufi zikapoteza maana. Aliona milango mitatu, na nyuma ya kila mmoja kitu cha kutisha. Akiighairi kazi, akaunti inafungwa. Akimnyima, bibi wa watu asiyemjua anakata roho kwa mkono wake. Akiifanya, anaendelea kumwinua marehemu ambaye Mungu amemlaza, na kumtumia mama wa watu mtoto wa uongo.

Mtu jasiri angechagua. Mwoga hufanya lililo karibu. Akakaa, akaishona shingo na gauni, akamketisha marehemu dirishani. Yalipobaki macho, akampa tena Mama Vifungo simu, maana uso ulioketi hauchukui macho ya aliyelala, na picha ya macho ikapigwa. Kazi ikaenda. Usingizi haukumjia vizuri tangu hapo. Mchana alikuwa akigeuza kioo cha kunawia kikatazama ukuta, maana kila alipojiangalia alimwona yule mwanamke akimwangalia.

Kijana hakutoa nyota wala kuifunga kazi. Alichotuma ni ujumbe wa sauti, na chini yake ameandika: "Msikilize mama mwenyewe, kisha urekebishe."

Sauti ilikuwa ya bibi, nyembamba, inakatwakatwa na pumzi.

"Mwanangu, picha yako nimeiona. Umeketi, namshukuru Mungu. Gauni limekupendeza. Lakini mbona unanitazama hivyo? Ile picha ya kwanza hukuwa hivi. Unanitazama kama mtu anayeogopa. Unaogopa nini, mama? Nani anakutisha huko? Tangu jana sili, nakuwaza wewe. Niambie."

Chini ya hapo kijana aliandika: "Naomba uweke macho mengine, yasiyoogopa. Haraka, dada. Hali chakula."

Basi siku ile chumba cha mshonaji kikageuka studio tena. Shangazi aliegemea ukuta, Mama Vifungo akashika simu.

"Tabasamu."

"Natabasamu."

"Mdomo unatabasamu. Macho yamekaa kama ya kuku aliyeona kisu. Fikiria kitu kizuri, bibie. Fikiria mume wangu akilipa kodi kabla hajadaiwa."

Shangazi akacheka kwelikweli, na picha ikapigwa katikati ya kicheko. Walipoikuza, macho yalikuwa yale yale. Wakapiga nyingine, na nyingine. Folda ikajaa macho ya Shangazi, na yote yalikuwa yanaogopa.

"Basi niazime yako," akasema mwishowe.

"Yangu?" Mama Vifungo akaiweka simu mezani kama inayoungua. "Mwenzangu, mimi kila kitu nakuazima. Sindano, chumvi, hata mume ukimtaka kwa siku mbili. Macho yangu kwenye uso wa marehemu, hapana. Nisamehe." Kisha sauti ikamshuka. "Na wewe yako yatoe. Yule mama ameshajua kuna kitu. Mnamnyima chakula kwa picha mliyosema itamlisha."

Shangazi alirudi kwenye kompyuta, akaifungua ile picha ya kwanza kabisa, ya mto mweupe, kama ilivyoletwa. Akausafisha mwanga. Akakituliza kivuli cha mashavuni. Kile kitambaa cha tayani hakukigusa, na macho akayaacha yamefumba. Alipomaliza akaandika, na maneno yale hata baadaye alikuwa akiyakumbuka moja moja:

"Kaka, siwezi kuyarekebisha. Macho yale ni yangu. Anayemwogopa mama yako ni mimi, na kila nitakayempa macho hayo atakuwa anaogopa. Nimekusafishia picha ya kweli. Kaa karibu naye, umshike mkono, mwite daktari kwanza akae mlangoni, kisha umwambie. Mimi nitakuwa nasali. Nisamehe."

Akatuma. Kisha, kabla woga haujamrudisha nyuma, akabofya neno Ghairi. Soko likajibu papo hapo, bila hasira wala huruma, kwamba hilo ni onyo la pili, na akaunti itafungwa mwisho wa wiki, kwa hiyo akamilishe mazungumzo aliyonayo.

Mazungumzo aliyokuwa nayo yalikuwa kimya. Kijana aliusoma ujumbe, alama ya kusomwa ikaonekana, na hakuandika kitu. Siku ile ikapita, na iliyofuata pia. Shangazi hakuweza kula. Alikuwa akijiambia kwamba bibi ameshafariki na yeye ndiye aliyemwua kwa picha. Alimwomba Mungu amwondolee hofu, kisha akamwomba amwachie hofu amwondolee hatia, kisha akaacha kuomba na kukaa tu.

Siku ya tatu, mchana, simu ikalia. Si kengele ya ujumbe, ni simu yenyewe, inayopigwa kupitia soko, na jina la kijana yule juu ya kioo. Shangazi aliiangalia ikilia.

"Pokea," Mama Vifungo akasema.

"Amekufa. Ananipigia kunilaani."

"Basi pokea ulaaniwe ukamalize. Hujala siku ngapi?"

Akapokea. Upande wa pili kulikuwa na pumzi, fupi, inayokatika, kisha ile sauti nyembamba aliyokuwa akiisikia hata usingizini.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaniogopa?"

Shangazi akashika meza. "Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Una sura gani, mwanangu? Nimekaa na macho yako siku zote hizo, nikayaombea yapone, sura yako siijui."

"Ni mtu mzima tu, mama. Mpiga picha. Nisamehe, mama."

Pumzi zikapita, moja, nyingine, na Shangazi akazihesabu kwa hofu kwamba inayofuata haitakuja. Ikaja.

"Hii uliyoleta sasa, huyu ni mwanangu. Huyu namjua. Nataka uniambie kitu, maana hawa wa hapa nyumbani wote wananidanganya, hata daktari ananichekea. Wewe umemtazama karibu. Aliteseka?"

Shangazi akaigeukia kompyuta, ambako ule uso ulikuwa bado umefunguliwa. Alikuwa ameukuza mpaka vinyweleo. Aliujua kila unywele wa nyusi, kila doa la paji la uso. Kwa mara ya kwanza tangu alipoona ile pamba, akautazama bila kugeuza kichwa.

"Mama, sitakudanganya, mwisho wake sikuuona," akasema. "Lakini uso nimeushika. Paji halina kunyanzi hata moja. Taya halijakazwa. Watu wanaofumba kwa maumivu hujikunja hapa pembeni ya jicho, mama, na kazi yangu ni hapo hapo. Yeye hajajikunja."

Kwa mbali sauti ya mwanamume ikaanza kulia, kilio cha mtu aliyekizuia muda mrefu, na bibi akamwambia, si kwa ukali, "Njoo hapa, nawe. Njoo ukae."

Simu haikukatwa. Shangazi alibaki ameishikilia sikioni, akiwasikiliza wale watu wawili wakimlilia mtu wao, naye akithubutu kupumua pale tu bibi alipopumua.